Haramia Si Kichekesho

Nimechoshwa na nahodha wa maharamia. Simsemi yule wa baharini, ambaye Mungu aniepushie nisikutane naye. Namsema yule wa mezani, anayeletwa na mwongoza mchezo kila anapoishiwa na fikra. Msomaji asiyeujua mchezo huu na anistahimilie kidogo, nitaueleza. Anayeujua, bila shaka amekwisha kumwona nahodha huyo: kofia ya pembe tatu, mguu wa mti, kulabu mahali pa kiganja, kasuku begani, na kicheko kirefu kabla ya kila tusi. Ameletwa awe adui wetu, na hakuna amwogopaye. Ubaya zaidi ni kwamba mezani wote wanampenda.

Mchezo wenyewe ni huu. Watu wanne, watano au sita huketi mezani na karatasi, penseli na dadu. Kila mmoja hujitungia mhusika, mpiganaji au mchawi au mwizi, na kusema kwa niaba yake. Mmoja wao, ndiye ninayemwita mwongoza mchezo, huwa ni dunia yote iliyobaki: ni mvua, ni mwenye nyumba ya wageni, ni zimwi, na ni adui. Yeye husimulia, wenziwe husema watatenda nini, na dadu huamua pale ambapo jambo lingeweza kwenda huku au kule. Uliovuma kuliko yote, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974, nao ni kazi ya Gary Gygax wa Wisconsin na Dave Arneson wa Minnesota. Naitaja Minnesota kwa kuwa ndiko ninakoishi, na ndiko majirani walikonifundisha katika majira yangu ya kwanza ya baridi, nilipokuwa sina pa kwenda jioni. Mtu aliyezaliwa Pangani akalelewa kwa ngano za bibi gizani hahitaji kufundishwa mara mbili namna ya kumsikiliza msimulizi. Kilichonipa taabu ni dadu ya pande ishirini tu.

Sasa, nahodha huyu ametoka wapi? Watu husema ametoka katika historia. La hasha. Ametoka katika vitabu na senema, tena kwa kusomwa vibaya. Mwaka 1883 Robert Louis Stevenson alitoa kitabu chake cha kisiwa na hazina, ambacho wengi wetu tulikijua shuleni kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Mle ndani yumo Long John Silver. Msomaji, hebu kifungue tena ukimtazame. Silver hana mguu wa mti. Mguu wake umekatwa juu kabisa, naye hutembea kwa gongo, na kwa gongo hilo hilo huua. Ana kasuku, naam. Lakini ana pia akiba benki, ana adabu, ana lugha tamu kwa wakubwa, na humpenda kweli yule kijana ambaye pengine atalazimika kumuua. Tena si nahodha tangu mwanzo. Katika safari ile ameingia kama mpishi. Wenzake wanapochoka naye, humkabidhi karatasi yenye doa jeusi, maana yake: tumekuondoa. Naye huipokea, akaisoma, akajitetea mbele yao kama mtu aliyeitwa barazani. Huyo ni mtu wa kuogopwa, kwa sababu ana la kupoteza.

Kisha ikaja tamthilia ya J. M. Barrie mwaka 1904, yenye nahodha wa kulabu aliyekusudiwa kuwatia watoto hofu na kuwachekesha kwa wakati mmoja. Kisha mwaka 1950 mwigizaji Robert Newton akamwigiza Silver katika filamu ya Disney kwa lafudhi nzito ya magharibi ya Uingereza, na tangu hapo kila haramia duniani amekuwa mtu wa kijiji kimoja. Waongoza mchezo wetu walichukua maganda wakatupa tunda.

Nasema "waongoza mchezo wetu" kana kwamba mimi simo. Nimo. Mimi nilimtengeneza nahodha mchekeshaji kuliko wote, na ndiyo sababu naandika kwa hasira hii.

Alitembea mezani kwangu kwa muda wa miezi mitatu. Nilimpa sauti, nikampa kicheko, nikampa kasuku aliyekuwa akimsahihisha sarufi. Mezani tulikuwa watu watano, wenzangu watatu wa kazini, mimi, na binti wa dada yangu, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na tisa, mzaliwa wa huku huku lakini anajua kusema "Shikamoo, Mjomba" kabla hajavua koti. Kila Jumamosi walikuwa wakimfukuza nahodha huyo, na kila Jumamosi alikuwa akiwaponyoka. Nilikuwa nimenogewa naye. Yaani, nilikuwa simtaki afe.

Usiku mmoja wakamzingira. Walikuwa wamepanga vizuri kuliko nilivyotarajia, wamehonga mlinzi wa bandari, wamefunga mlango wa ghuba kwa mnyororo, na dadu zikawakubali. Hakukuwa na njia. Basi nikafanya ambalo waongoza mchezo hufanya, nikaizua njia. Nahodha akacheka kicheko chake, akatupa taa katika mapipa ya baruti, akaruka na kasuku wake katika mtumbwi ambao hakuna aliyepata kusikia habari zake kabla ya dakika ile, na merikebu ikawaka kwa fahari nyuma yake. Wenzangu wakapiga meza kwa furaha. Mmoja alisema hiyo ndiyo jioni bora ya mwaka.

Binti wa dada yangu akauliza, "Mjomba, na wale waliokuwa wakivuta makasia?"

Wiki mbili nyuma nilikuwa nimewaeleza merikebu hiyo kwa maneno niliyoyanakili ovyo kutoka kitabuni: sitaha mbili, mizinga minane, na chini, katika mabenchi, watumwa arobaini wamefungwa minyororo ya miguu. Nilikuwa nimewasahau. Si kwamba niliwaua; kumuua mtu ni lazima kwanza umkumbuke. Na kwa kuwa nilikuwa nimefadhaika, na wenzangu wanasubiri, nikajibu neno ambalo hata leo nikilikumbuka nageuza uso: "Aa, wale walikuwa sehemu ya merikebu."

Hakugomba. Alikusanya dadu zake akazitia mfukoni, akaosha bilauri yake, akasema usiku mwema. Jumamosi nne hakuja.

Rafiki yangu mmoja, mwongoza mchezo wa miaka mingi kuliko mimi na mtu ninayemheshimu, nilipomweleza alisema ni mchezo tu. Jibu hilo nalifahamu, maana nilikuwa nimekwisha kujipa mwenyewe usiku ule. Lakini mtu huyo huyo aliwahi kuninunia siku mbili kwa kuwa mhusika wake alipoteza upanga katika kinamasi. Upanga wa karatasi! Kama ni mchezo tu, mbona upanga ulimuuma? Uliuma kwa sababu kinachotendeka mezani tunakitenda kweli, kwa fikra zetu na kwa ndimi zetu, hata kama hakuna maji wala merikebu. Huwezi kusema kwamba furaha yake ni ya kweli na aibu yake ni ya kuigiza.

Nilipokuwa nangojea binti arudi nilikwenda kusoma. Nilitaka kujua maharamia wa kweli walikuwaje, nikidhani, nakiri, kwamba nitapata udhuru. Kitabu ambacho karibu kila hadithi ya haramia imekinywea ni kile kilichotolewa London mwaka 1724, cha mtu aliyejiita Kapteni Charles Johnson. Mle imo habari ya Bartholomew Roberts, Mwelshi aliyeteka merikebu nyingi mno katika pande zote mbili za Atlantiki, na zimo sheria za merikebu yake, ambazo kila baharia alizilia kiapo.

Sheria zile zinashangaza. Kila mtu ana kura katika mambo mazito. Kila mtu ana haki sawa ya chakula kibichi na kinywaji kilichotekwa. Nahodha hupata mafungu mawili ya mateka, na msimamizi wa mgao vivyo hivyo, na baharia wa kawaida fungu moja. Linganisha na pengo la mshahara kati ya mkubwa na mdogo katika kampuni yoyote ya leo. Mwenye kupoteza kiungo kazini hulipwa dola 800 za fedha kutoka mfuko wa wote. Taa huzimwa saa mbili usiku. Wapiga muziki hupumzika siku ya Sabato. Na kamari ya karata au dadu kwa fedha ni marufuku kabisa. Nilicheka hapo, peke yangu, nikiwa na dadu mkononi.

Katika mchezo wetu kila mhusika huandikiwa mwelekeo wake: mwema au mwovu, mshika sheria au mvuruga sheria. Nahodha wa maharamia daima huandikwa mwovu mvuruga sheria, bila mjadala. Lakini huyu Roberts alikuwa mshika sheria kupita mahakimu waliowanyonga watu wake! Basi pengine, nikawaza, hakuwa mwovu. Pengine alikuwa mtu wa haki aliyekosea mahali pa kuzaliwa. Wako waandishi leo wanaokwenda na wazo hilo, nao wana hoja: baharia wa merikebu ya biashara alichapwa, akapunjwa chakula, akadhulumiwa ujira, na katika merikebu ya haramia akaitwa mtu.

Kisha nikafika Januari 1722. Roberts aliingia bandari ya Ouidah, katika nchi inayoitwa leo Benin, akakuta merikebu kumi na moja, nyingi zikiwa katika biashara ya watumwa. Akadai kila moja ijikomboe kwa ratili nane za vumbi la dhahabu. Zikalipa, isipokuwa moja, Porcupine, ambayo nahodha wake alikuwa nchi kavu na akakataa. Roberts akatuma watu waiteketeze, baada ya kuwahamisha waliokuwa ndani. Ndani walikuwa watumwa wapatao themanini, wamefungwa wawili wawili. Kwa mujibu wa kitabu hicho, wale maharamia waliona kwamba kuwafungua minyororo kungechukua muda mwingi na kazi nyingi, nao walikuwa na haraka. Basi wakaichoma hivyo hivyo. Waliojirusha majini waliliwa na papa, wakiwa bado wamefungwa pamoja.

Kazi nyingi. Watu waliopigiana kura juu ya nyama kibichi.

Nilikifunga kitabu. Nilikuwa nimelisikia neno lile kwa sauti yangu mwenyewe: sehemu ya merikebu.

Hapo ndipo ugomvi wangu na nahodha wa mezani ulipokuwa ugomvi hasa. Yule wa kulabu na kasuku si tusi kwa maharamia, wala sijali heshima yao. Ni tusi kwa waliokuwa chini ya sitaha. Tunamcheka, na kwa kumcheka tunakaa upande wake, tunaingia katika mtumbwi wake pamoja na kasuku, na kuutazama moto kutoka mbali. Mimi natoka Pangani, mji ambao bandari yake ilipeleka nje pembe za ndovu na watu. Nilipaswa kuwa mtu wa mwisho kufanya kosa lile. Nililifanya kwa wepesi kuliko wenzangu Wazungu, kwa sababu nilikuwa nikisimulia vizuri.

Rafiki yangu akaleta hoja ya pili, nayo ni nzito zaidi ya ile ya kwanza: tunakuja mezani kustarehe, tumechoka na kazi, wewe unataka tulie? Sitaki mtu alie. Wala sitaki mwongoza mchezo aeleze damu na mijeledi. Anayefanya hivyo huwa anajifurahisha mwenyewe, na meza imwambie basi. Ninachotaka ni hofu, ambayo nayo ni starehe, na tena starehe kubwa kuliko kicheko cha kasuku. Bibi yangu alipotusimulia habari za zimwi hakuna aliyelia, lakini hakuna pia aliyethubutu kwenda msalani peke yake.

Mpe nahodha wako yale ambayo Roberts alikuwa nayo, uone. Mpe baraza la mabaharia linaloweza kumwondoa, ili wachezaji wajue kwamba kumuua si kumaliza jambo, kwani kesho watachagua mwingine, na pengine msimamizi wa mgao ndiye mkali zaidi. Mpe haki anayowatendea watu wake kwa uaminifu, hata mchezaji mmoja aanze kunong'ona kwamba mbona huyu ni mwungwana kuliko mfalme aliyetutuma. Kisha waache washuke ngazi. Hapo hutahitaji kicheko wala kulabu. Watasikia baridi wenyewe.

Mpe pia mnunuzi. Haramia bila mnunuzi ni mtu mwenye marobota ya hariri yanayooza kwa chumvi. Ni nani bandarini anayechukua mali isiyo na hati na hauulizi mwili wake ulipolala? Mara nyingi ndiye mtu yule yule anayewalipa wachezaji dhahabu wakamwue haramia. Hilo silizui. Henry Every, aliyeiteka mwaka 1695 merikebu ya mfalme Aurangzeb, Ganj-i-Sawai, iliyokuwa ikirudi India na mahujaji, na ambaye watu wake waliwatendea wanawake waliokuwamo mambo ya kinyama, aliondoka na utajiri huo akafika Bahama na kumhonga gavana. Hakukamatwa hata leo.

Rafiki yangu alilirukia hilo. "Unaona," alisema, "hata wa kweli walitoroka! Basi nahodha wangu naye na atoroke." Atoroke, ndiyo, lakini atoroke kwa kitu ambacho wachezaji wangeweza kukijua. Every aliponea mlango wa ofisi ya gavana, mlango ambao mtu mwenye macho angeweza kuulinda. Nahodha wangu aliponea mtumbwi nilioutoa mfukoni. Mwongoza mchezo anayemwokoa adui wake kwa kubadili dunia baada ya wachezaji kushinda amewanyang'anya walichokipata kwa jasho, na hakuna kofia ya pembe tatu itakayolificha hilo. Wale vijana walikuwa wamehonga mlinzi na kufunga mnyororo. Ghuba ilikuwa yao.

Tena kuna njia ya kumtorosha inayokata maini kuliko zote, nayo ni msamaha. Mwaka 1717 mfalme wa Uingereza alitangaza msamaha kwa maharamia watakaojisalimisha, na mwaka 1718 Woodes Rogers akafika Nassau kuwa gavana mwenye tangazo hilo mkononi. Benjamin Hornigold, nahodha wa maharamia aliyejulikana na kila mtu mjini pale, akaupokea, na mara akatumwa kuwawinda wenzake wa jana. Mbali kule China, yule mwanamke aitwaye Zheng Yi Sao, aliyeongoza mamia ya merikebu, alijisalimisha mwaka 1810 kwa masharti mazuri na kuishi mpaka mwaka 1844. Fikiri wachezaji wako wanafika na panga zao, baada ya miezi mitatu ya kumtafuta, wanamkuta kibarazani amevaa koti safi, barua ya gavana mezani, na kwa heshima zote anawakaribisha chai. Je, watafanya nini? Mimi sijui. Wala wewe mwongoza mchezo usijue. Kaa kimya uwangojee.

Na neno moja juu ya hukumu, kwa maana nilisema nilikwenda kutafuta udhuru. Roberts aliuawa kwa risasi za mzinga karibu na Rasi Lopez, Gabon, tarehe 10 Februari 1722, na watu wake 52 wakanyongwa Cape Coast, katika Ghana ya leo. Lakini Weusi waliokutwa katika merikebu zake hawakushtakiwa wala hawakuachwa huru. Jeshi la majini la mfalme liliwapeleka kuuzwa. Kwa hiyo nawaomba wanaopenda kumleta afisa wa mfalme mwishoni mwa hadithi, na bendera, na tarumbeta, kuja kuwaokoa watu wote, wafikiri mara mbili.

Rafiki yangu hajakubali. Jumamosi iliyopita alinipigia simu kunieleza juu ya nahodha wake mpya, mwenye nyani badala ya kasuku, akaona amepiga hatua.

Binti wa dada yangu amerudi. Mama yake alinishauri nisimbembeleze, nami sikumbembeleza. Nilimwomba radhi kwa simu, nikamwambia kwamba usiku ule wa moto nimeufuta, ghuba imefungwa kama walivyoifunga, na nahodha yumo ndani yake bila mtumbwi. Alinyamaza kidogo. Akasema, "Sawa Mjomba, lakini mimi nikiingia naanzia chini." Maana yake ni kwamba atashuka mabenchini kabla ya kwenda kwa nahodha, na atawauliza wale watu arobaini majina yao, mmoja mmoja, na wanakotoka, na nani kati yao anajua kushika usukani. Wenzangu wa kazini wamekubali wamngojee juu na panga zao.

Nina hadi Jumamosi. Nimekwisha kuandika kumi na saba.